Jahazi likilala pwani, mtaji huliwa

Kwa wenye nia ya kununua fungu la chombo: siku za kungoja hugharimu kuliko mbao na misumari

BIASHARA ya kusafirisha mizigo kwa majahazi bado ina nafasi yake katika mwambao wa Afrika Mashariki. Saruji, sukari, mbao, vitunguu, chumvi na samani huendelea kupakiwa katika bandari kubwa za bara na kupelekwa Unguja, Pemba, Mafia, Kilwa na visiwa vya Lamu. Sababu yake si ngumu kuieleza. Jahazi halihitaji gati lenye kina kirefu, linaweza kutua mchangani maji yakipwa, na upepo haulipiwi kwa lita. Hata majahazi mengi yaliyofungwa injini hupandisha tanga pale upepo unaporuhusu, ili kuokoa dizeli.

Ndiyo maana watu wenye akiba ndogo hushawishika kununua fungu katika chombo cha aina hii. Mwenye duka, mwalimu mstaafu au mfanyabiashara wa nafaka huelezwa kuwa safari moja huleta kiasi fulani, naye huzidisha kiasi hicho kwa idadi ya safari za mwaka mzima, akaridhika. Hesabu hiyo ina pengo. Haihesabu majuma ambayo chombo kimeegemezwa magadi mchangani, mabaharia wanakula, mwenye shehena analalamika na fundi anasubiri mbao ambayo haijafika.

Makala hii inajaribu kuonyesha pengo hilo lina ukubwa gani, linatokana na nini, na mwekezaji mdogo afanye nini ili fedha zake zisiishie humo.

KINACHOKULA CHOMBO

Chombo cha mbao huanza kuharibika siku kinaposhushwa majini. Adui wa kwanza ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao, ambaye wataalamu wanamweka katika jamii moja na chaza. Huingia akiwa mdogo sana kupitia tundu la ukubwa wa ncha ya sindano, kisha hukua ndani ya mbao na kuchimba njia yake humo. Kwa nje ubao huonekana mzima, ilhali ndani umekuwa kama sega la nyuki. Hupenda bahari yenye joto, na bahari yetu ina joto mwaka mzima.

Kinga dhidi yake ni ya kale na inajulikana kwa kila nahodha. Chombo hupwelezwa, upande wa chini husuguliwa ili kuondoa majani na chaza walioganda, huchomwa kwa moto wa makuti makavu, kisha hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Deheni haidumu. Kwa chombo kinachofanya kazi kila siku, kazi hii inapasa kurudiwa mara kadhaa kwa mwaka. Mwenye chombo anayeiruka mara moja ili kuwahi nauli ya safari moja anajiwekea bili kubwa zaidi mbele, kwani ubao ukishatobolewa hautibiki kwa deheni. Hutolewa na kuwekwa mwingine.

Adui wa pili ni kutu. Misumari ya chuma hula kutu ndani ya mbao, na kutu hiyo huozesha ubao kuizunguka. Alama yake ni michirizi myekundu inayoteremka kutoka kwenye vichwa vya misumari.

Adui wa tatu ni jua. Mbao za juu hukauka na kusinyaa, pamba ya kalafati hulegea katika maungio, na chombo huanza kuvuja siku kinapopakiwa mzigo mzito na mbao hizo zikazama majini. Hapa pana jambo ambalo wawekezaji wengi hawalifahamu: chombo kikikaa nchi kavu muda mrefu, hata mbao za chini husinyaa. Maungio hufunguka, na kazi ya kalafati iliyofanywa juma la kwanza inaweza kuhitaji kurudiwa juma la saba. Kwa maneno mengine, ucheleweshaji wenyewe huzaa matengenezo mapya. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, mwenye jahazi anaweza kuongeza kwamba ukichelewa kuuziba, ufa mwingine hufunguka pembeni yake.

KALENDA YA MAJI NA PEPO

Katika karakana ya magari, fundi akichelewa siku mbili, gari hutoka siku mbili baadaye. Kwa jahazi, siku mbili zinaweza kuwa majuma mawili.

Sababu ni bamvua. Kazi ya chini ya chombo, hasa kwenye mkuku na mbao zilizo karibu nao, huhitaji maji yajae sana ili chombo kipande juu pwani, kisha yapwe sana ili kibaki pakavu. Hali hiyo hutokea siku chache tu baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani takribani kila siku 15. Katika pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3 na mara nyingine hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi kiasi cha mita 1 hivi. Chombo kizito kilichopandishwa juu kwa bamvua hakiwezi kushushwa kwa maji mafu. Kazi isipokwisha kabla ya bamvua kupita, chombo kinangoja bamvua lijalo, hata kama kilichobaki ni ubao mmoja.

Juu ya kalenda ya maji ipo kalenda ya pepo. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, kikiwa na nguvu zaidi Juni na Julai. Kati ya Machi na Mei zipo mvua za masika. Wakati huo mbao hazikauki, kalafati haishiki vizuri katika maungio yenye unyevu, na tanga la pamba huoza likikunjwa likiwa limelowa.

Katika biashara ya kale ya Bahari ya Hindi kalenda hii ilikuwa sheria. Vyombo vya Arabuni, Ghuba na India vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha aliyekosa mwanzo wa kusi kwa sababu ya matengenezo alilazimika kungoja hadi pepo zitulie mwishoni mwa msimu, kwa kuwa katikati yake bahari ya upande wa India ilikuwa haipitiki kwa vyombo vya tanga. Leo safari nyingi ni fupi na injini zimesaidia, lakini mwenye shehena wa leo hana subira ya mwenye shehena wa zamani. Anayo meli ya chuma na boti la mwendo kasi kama njia mbadala, na akishahamisha mzigo wake mara moja si rahisi kumrudisha.

Kalenda ya tatu ni ya vifaa. Mbao ngumu zinazofaa kwa chombo, kama mbambakofi na mvule, hazipatikani kila duka. Uvunaji wake unahitaji kibali, na ubao uliokatwa jana haufai kupigwa misumari leo. Mataruma ni magumu zaidi kwa sababu fundi hutafuta mti uliopinda wenyewe kwa umbo analolitaka, naye anaweza kuzunguka siku nyingi kabla ya kuupata. Kwa wenye injini, kipuri kinachoagizwa kutoka nje kina foleni yake ya benki, meli na forodha, na bei yake hupanda kila dola inapopanda. Mafundi wenyewe ni wachache. Nungwi huko Unguja na Matondoni huko Lamu ni mifano ya vijiji vinavyojulikana kwa kazi hii, lakini fundi hodari huwa na vyombo vitatu mkononi, na humaliza kwanza kile ambacho mwenyewe amesimama pembeni na fedha taslimu.

MABAHARIA WANAISHI HUMO HUMO

Jambo linalofanya kungoja kuwe ghali zaidi ni kwamba jahazi ni chombo cha kazi na pia ni nyumba. Mabaharia hulala humo, hupika humo katika sanduku la mchanga au jiko la mkaa, na huweka humo maji yao ya kunywa na nguo zao. Chombo kinapopwelezwa na kulala ubavu, maisha hayo huhamia mchangani chini ya tanga au turubai, lakini hayakomi.

Mwekezaji anaweza kuuliza: kwa nini wasirudishwe makwao hadi kazi ikamilike? Majibu ni matatu.

Kwanza, chombo kinachovuja kikiwa nanga hakiachwi bila watu. Maji ya ngama lazima yafuliwe au yapigwe pampu usiku na mchana. Usiku mmoja wa uzembe unatosha kukizamisha.

Pili, kamba, nanga, tanga na pampu ni mali inayouzika haraka. Mabaharia wanaolala humo ndio walinzi.

Tatu, nahodha mzuri hakai bure. Akiona majuma yanapita, atapata chombo kingine na kuondoka na mabaharia wake. Siku jahazi litakaposhushwa majini, mwenyewe atabaki na chombo kizima kisicho na watu wa kukiendesha.

Kwa desturi ya pwani, mapato ya safari yakishaondolewa gharama hugawanywa kati ya chombo na mabaharia. Mara nyingi chombo huchukua nusu na mabaharia nusu, nahodha akipata mafungu zaidi ya baharia wa kawaida. Kiwango hutofautiana kutoka bandari hadi bandari. Utaratibu huu ni wa zamani: Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri na jahazi kubwa la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi Zanzibar na delta ya Rufiji, alieleza katika kitabu chake jinsi mabaharia walivyolipwa kwa mafungu badala ya mshahara, na jinsi wengi wao walivyoishi kwa madeni.

Utaratibu wa mafungu ni mzuri wakati chombo kinatembea, kwani kila mtu anataka kifike mapema. Chombo kinapolala, mabaharia hawana fungu la kugawana, ilhali nyumbani kwao watoto wanakula. Mwenye chombo hulazimika kutoa posho, na wao hukopa juu ya fungu la safari ijayo. Deni hilo hurudi mezani siku ya mgawo na kuleta ugomvi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa matumbo yanayoumia kwanza ni ya wale wenye kipato kidogo kuliko wote.

HESABU YA FUNGU MOJA

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kufanyia hesabu tu. Kila msomaji aweke za chombo chake.

Jahazi lina thamani ya Sh. milioni 40, limegawanywa mafungu 10 ya Sh. milioni 4 kila moja. Hufanya safari 2 kwa mwezi kwa miezi 10. Miezi 2 inayobaki ni ya masika na matengenezo yaliyopangwa, ambapo mabaharia wengi huenda makwao kwa makubaliano.

Nauli ya safari moja ni Sh. 2,500,000. Chakula, ushuru wa bandari, wapagazi na gharama nyingine za safari ni Sh. 700,000. Kinachobaki, Sh. 1,800,000, kinagawanywa nusu kwa nusu. Chombo kinapata Sh. 900,000 kwa safari, au Sh. 18,000,000 kwa safari 20 za mwaka.

Kutoka hapo tunaondoa:

Kalafati na deheni mara 4 kwa mwaka: Sh. 3,000,000.

Matengenezo makubwa ya mwaka: Sh. 3,000,000.

Leseni, ukaguzi na bima: Sh. 1,000,000.

Uchakavu, kwa kukadiria chombo kitafanya kazi miaka 20: Sh. 2,000,000.

Jumla ni Sh. 9,000,000, na faida halisi ni Sh. 9,000,000. Kila fungu linapata Sh. 900,000, sawa na asilimia 22.5 ya mtaji. Hii ndiyo hesabu ambayo mwenye kuuza fungu hukuonyesha, tena mara nyingi bila mstari wa uchakavu.

Sasa tuseme matengenezo hayakuisha ndani ya miezi 2 iliyopangwa. Ubao wa karibu na mkuku umekutwa umetobolewa, mwingine haukuwa umeagizwa, na bamvua tatu zimepita. Chombo kimechelewa siku 45.

Katika siku 45 chombo kingefanya safari 3. Fungu la chombo lililopotea ni Sh. 2,700,000. Mabaharia 8 wamerudi kazini kwa tarehe waliyoambiwa, wamekuta chombo mchangani, na wanapewa posho ya Sh. 5,000 kwa siku kila mmoja. Hiyo ni Sh. 40,000 kwa siku, au Sh. 1,800,000 kwa siku zote. Ubao wenyewe, kazi ya fundi na kalafati iliyorudiwa ni Sh. 600,000.

Jumla ya hasara ni Sh. 5,100,000. Faida halisi inashuka hadi Sh. 3,900,000. Kila fungu linapata Sh. 390,000, yaani chini kidogo ya asilimia 10.

Msomaji aangalie mgawanyo wa hasara hiyo. Bili ya fundi ni Sh. 600,000. Bili ya kungoja ni Sh. 4,500,000, zaidi ya mara saba. Hata hivyo, katika mikutano ya wabia utasikia wanabishana siku nzima juu ya bei ya fundi, na hakuna anayeuliza juu ya siku zilizopotea.

Ukigawanya bili ya kungoja kwa siku 45, unapata Sh. 100,000 kwa siku. Hii ndiyo namba muhimu kuliko zote kwa mwenye chombo, naye anapaswa kuijua kwa moyo. Akiambiwa kuwa ubao uliokauka unapatikana leo mjini kwa Sh. 400,000 zaidi, na wa bei nafuu utafika baada ya siku 10, anajua mara moja kuwa ubao wa bei nafuu utamgharimu Sh. 1,000,000 za kungoja. Fundi wa pili akitaka Sh. 300,000 ili kazi iishe kabla ya bamvua kupita, jibu ni kumlipa, kwani kukosa bamvua moja ni siku 15, nazo ni Sh. 1,500,000.

BIMA HAILIPI KUNGOJA

Wapo wanaojifariji kwa bima. Ni vizuri kusoma masharti yake kwanza. Sheria ya Bima ya Baharini ya Uingereza ya mwaka 1906, ambayo imekuwa msingi wa mikataba ya bima ya meli katika nchi nyingi, ikiwamo sheria ya Kenya, inasema wazi kwamba bila makubaliano mengine katika mkataba, mwenye kutoa bima hawajibiki kwa uchakavu wa kawaida, uvujaji wa kawaida wala hasara inayosababishwa na panya na wadudu waharibifu. Aidha, hawajibiki kwa hasara inayotokana na ucheleweshaji, hata kama ucheleweshaji wenyewe umesababishwa na ajali iliyokatiwa bima.

Maana yake kwa mwenye jahazi ni hii: chombo kikipanda mwamba kwa dhoruba, anaweza kulipwa gharama ya kukitengeneza iwapo mkataba wake unasema hivyo. Siku 45 za kungoja hatalipwa. Mdudu wa mbao hatalipiwa. Kinga ya hasara hizo ni akiba yake mwenyewe.

Wamiliki wa mashua za tanga za Ulaya na Marekani, wakiwamo wale wanaohama nyumba na kuishi baharini mwaka mzima, wana desturi ya kukadiria asilimia 10 ya thamani ya chombo kwa matunzo ya kila mwaka. Ni makadirio ya jumla, lakini yanatoa mwanga. Katika mfano wetu kalafati, deheni na matengenezo makubwa ni asilimia 15, kwa sababu chombo cha mizigo huchoka kuliko cha matembezi.

MZIGO WA WATU

Mfanyabiashara ambaye hana fungu katika chombo, bali ana magunia ndani yake, naye ana mtaji wake hatarini. Vitunguu huota, saruji hushika unyevu na kuganda, na bei ya soko haimngoji mtu.

Kabla ya kupakia, aulize mambo manne na kuyaandika katika hati ya shehena. Chombo kikiharibika njiani, nani atalipa gharama ya kuhamishia mzigo katika chombo kingine? Baada ya siku ngapi mwenye mzigo ana haki ya kuuchukua bila kudaiwa nauli yote? Mzigo utahifadhiwa wapi wakati chombo kimepwelezwa, na nani ataulinda? Na nauli iliyolipwa mbele itarudishwa kwa kiwango gani?

Ipo pia kanuni ya kale ya hasara ya pamoja. Nahodha akitupa sehemu ya shehena baharini kwa makusudi ili kuokoa chombo, hasara hiyo hubebwa na wote, mwenye chombo na wenye mizigo iliyosalimika, kila mmoja kwa kadiri ya thamani aliyookolewa. Baadhi ya gharama za kuingia bandari ya dharura nazo zinaweza kugawanywa hivyo hivyo. Mfanyabiashara asishtuke akidaiwa mchango ingawa magunia yake yamefika salama. Badala yake adai kuonyeshwa hesabu.

NJIA ZA KUPUNGUZA SIKU

Hakuna njia ya kukwepa matengenezo. Ipo ya kukwepa sehemu kubwa ya kungoja, na haihitaji fedha nyingi kuliko utaratibu.

Kwanza, chombo kisipande pwani kabla mbao hazijafika. Bamvua moja kabla ya tarehe ya matengenezo, nahodha na fundi wakikague maji yakipwa, wachome kisu kwenye mkuku, kwenye maungio na kando ya misumari, waandike kila kinachohitajika. Vifaa viwekwe mchangani ndipo chombo kipandishwe.

Pili, kazi zipangwe kwa mahali. Za chini ya maji zianze na zimalizwe kwanza. Mlingoti, foromali, tanga, sitaha na mbao za juu zinaweza kutengenezwa chombo kikiwa kinaelea, hata kikiwa kinapakia. Ni kosa la kawaida kuona chombo kimezuiwa pwani kwa sababu ya kazi ambayo ingefanyika nanga.

Tatu, mkataba na fundi utaje mabamvua. Arubuni iwe theluthi moja, theluthi nyingine ilipwe mbao za chini zikikamilika, ya mwisho siku chombo kinapoelea bila kuvuja. Anayelipa yote mbele hununua nafasi ya mwisho katika foleni ya fundi.

Nne, akiba itengwe kila safari, kabla ya kugawana. Katika mfano wetu matengenezo ya mwaka ni Sh. 6,000,000 kwa safari 20, yaani Sh. 300,000 kwa safari, theluthi ya fungu la chombo. Wabia wanaogawana zote wakati wa kaskazi hulazimika kutafutana kwa michango wakati wa masika, na kungoja mchango wa mbia mmoja aliyesafiri kumewahi kuchelewesha vyombo kuliko kungoja mbao.

Tano, makubaliano ya wabia yaandikwe. Mbia asipotoa mchango wake wa matengenezo kwa siku zilizowekwa, wengine waruhusiwe kutoa kwa niaba yake na fungu lake lipungue kwa kadiri hiyo. Bila kifungu hiki, mtu mmoja mwenye fungu moja anaweza kulaza chombo chenye wabia tisa.

Sita, posho ya mabaharia ijulikane mapema, iwe ni haki ya siku za kungoja na isiwe mkopo juu ya safari ijayo. Mwenye chombo anayeilipa kutoka mfukoni kila jioni hujifunza haraka thamani ya siku moja.

KABLA YA KUNUNUA FUNGU

Anayetaka kuingia katika biashara hii asinunue kwa kuangalia rangi na tanga jipya. Aende pwani maji yakiwa yamepwa kabisa, pamoja na fundi ambaye hakuletwa na muuzaji. Aangalie maji ya ngama asubuhi kabla hayajafuliwa. Aulize deheni ilipakwa lini na bamvua gani. Aombe daftari la matengenezo la miaka mitatu, na cheti cha ukaguzi kutoka mamlaka inayohusika: TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, au Mamlaka ya Bahari ya Kenya kwa chombo cha huko. Muuzaji asiye na daftari anajua mapato tu, gharama hajazihesabu.

Kisha azungumze na mabaharia. Awaulize swali moja: mwaka jana mlilala pwani siku ngapi? Wao ndio walioishi humo siku hizo, na kwa kawaida wanazikumbuka zote.

Jibu hilo alizidishe kwa gharama ya siku moja, aondoe katika faida aliyotajiwa, na kinachobaki akilinganishe na riba ya hati fungani za serikali, ambazo hazipakwi deheni wala hazingoji bamvua. Kama fungu la jahazi bado linashinda kwa kiasi cha kutosha kufidia hatari ya bahari, anunue. Kama halishindi, basi bei ya fungu ni kubwa mno, na muuzaji aambiwe hivyo kwa hesabu mkononi.